Pembe Isiyolimwa

Jumapili, kanisa likishatoka,
babu yangu Anselm huvaa kofia ya kampuni ya mbegu
iliyofilisika mwaka niliozaliwa,
hubeba chupa ya kahawa na ramani iliyochanika mikunjoni,
husema: Washa gari. Twende tukaone bustani.

Bustani! Neno kubwa kwa mji wa watu sitini na wanane.
Huko Tessmer ni bembea moja, meza mbili,
bomba la maji linalotaka kubembelezwa,
na kibao: *Ufunguo wa choo uko posta.*
Jumapili posta imefungwa.

Huko Kildrum, fahari yao ni bwawa la majitaka.
Usicheke. Nimehesabu humo bata wa aina kumi na moja,
na mwari weupe wakitua
kama mashuka yaliyong'oka kambani.
Bi Orlene Wiebe, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini,
hukaa ukingoni na darubini na kiti cha kukunja.
Pua ameshaizoesha.
"Hawatuulizi maji yametoka wapi," asema,
"nasi hatuwaulizi wao wametoka wapi."

Kati ya mji na mji barabara imenyooka kama uzi wa mwashi.
Ngano. Kanola, njano ya kuumiza macho. Ngano.
Ghala la nafaka huliona nusu saa kabla ya kulifikia,
na ukilifikia, reli imeshang'olewa,
njiwa wamerithi.

Nilidhani mbuga ya kale haipo tena
mpaka Bi Orlene aliponipeleka makaburini.
Hakuna aliyethubutu kupitisha plau juu ya mama yake,
kwa hiyo ndani ya seng'enge ile, na ndani yake tu,
nyasi ni zile zile za kabla ya punje ya kwanza:
nyekundu kwenye vifundo, ndefu kunifika kiunoni,
na kipozamataza wa kifua cha njano
juu ya msalaba wa mtoto wa mwaka wa mafua.
"Mizizi yake," Bi Orlene alininong'oneza,
"inakwenda chini kuliko wafu."

Babu alisikia. Hakusema neno
maili kumi na mbili.

Kisha akaniambia nikate kushoto, njia ya kokoto,
hadi kwenye jiwe.

Linanishinda urefu. Upande wa kaskazini, ukoga wa rangi ya chungwa;
upande wa kusini, kimo cha bega la mnyama,
limelainika kama mpini wa jembe la urithi.
Nyati wenye nundu walijikuna hapa
karne juu ya karne, wakivua manyoya ya baridi,
na kwato zao zikachimba handaki kulizunguka,
ambamo sasa hulala maji ya mvua na vyura wadogo.
Kando pana tumbaku kavu, kiasi cha kiganja:
Delphine Okanee ametutangulia.
Watu wake walilijua jiwe hili
kabla Saskatchewan haijapewa mistari ya kugawa.

Kuna kibao. *Eneo la hifadhi. Kwa hisani ya*
na jina la babu, ambalo mtu amelikwangua kwa ufunguo.
Ufunguo wenyewe naujua, ninaendeshea gari.

"Hisani gani?" asema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Plau iligonga mwamba, ikapasuka,
baba akanitukana kwa Kijerumani,
na theluji ikawahi kuliko fundi.
Mwaka uliofuata nikalizunguka. Na uliofuata.
Ekari mia sita nililima.
Hii iliniponyoka."

Chini yetu maua ya zambarau yenye manyoya
yanatetemeka bila kumshukuru mtu.

Babu hutazama kibao, hutazama huku na huku
(hakuna mtu, ila upepo na ng'ombe mmoja wa mbali),
kisha hugeuka, huegemeza mgongo jiweni,
hushuka taratibu, hupanda,
macho kayafumba.

Mtu hujikuna ajipatapo.
Asipojipata, pana jiwe.
Mimi namshikia kofia.